Siku nane nikifuata kivuli cha buluu katika Jangwa la Namib

Siku ya kwanza: Aus na Garub

Nimekuja Namibia kwa sababu ya picha moja ambayo si yangu. Nilipoiona mara ya kwanza sikuamini kuwa ni picha. Miti mikavu, myeusi tii, imesimama juu ya ardhi ya buluu, na nyuma yake ukuta wa rangi ya chungwa uliotapakaa vidoti vyeupe. Nilidhani ni mchoro wa rangi za mafuta. Ilipigwa na Frans Lanting, ikatoka mwaka 2011, na watu wengi walidanganyika kama nilivyodanganyika mimi. Ule ukuta ni tuta la mchanga. Vidoti ni nyasi. Ardhi ya buluu ni udongo mweupe uliokauka wa mahali paitwapo Deadvlei. Tangu siku niliyoambiwa hivyo nimetaka kusimama pale nione kwa macho yangu weupe unageukaje buluu.

Mdogo wangu ndiye anayeendesha gari. Yeye hapigi picha, na nimegundua mapema kwamba hilo ni jambo jema: anatazama vitu ambavyo mimi ninavipima.

Jioni tulisimama Garub, magharibi ya Aus, ambako farasi wa jangwani huja kunywa maji kwenye birika. Mwezi mpevu ulichomoza mashariki dakika chache kabla jua halijatua. Uwanda mzima ulikuwa na rangi ya asali, milima ya mbali imekuwa ya zambarau, na farasi saba wanaondoka birikani huku vumbi likiwafuata nyuma. Stendi ya kamera ilikuwa chini ya mabegi yote. Hadi naitoa, naikunjua miguu na kuifunga kamera juu yake, rangi ya asali ilikuwa imekwenda. Nilipiga hivyo hivyo, nikapata farasi wa kijivu kwenye uwanda wa kijivu.

Nimelala nikimfikiria Ansel Adams, mpiga picha wa Marekani. Tarehe 1 Novemba 1941 alikuwa njiani huko New Mexico alipouona mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, na misalaba ya makaburini ikimulikwa na jua la mwisho. Alisimamisha gari, akaisimika kamera yake kubwa, kipima mwanga hakikuonekana. Lakini alikuwa anajua kwa kichwa mwangaza wa mwezi ni kiasi gani, akaanzia hesabu hapo, akafyatua. Alipogeuza kishikio cha filamu apige ya pili, jua lilikuwa limeshatoka kwenye misalaba. Ile picha moja ilipatikana kwa kuwa hesabu ilikuwa tayari kichwani mwake. Kesho stendi inakaa kiti cha nyuma, miguu imeshakunjuliwa nusu.

Siku ya pili: Kolmanskop

Mwaka 1908 kibarua wa reli, Zacharias Lewala, alikuwa akizoa mchanga relini karibu na Lüderitz alipookota jiwe lililong'aa. Alimpelekea msimamizi wake, August Stauch. Lilikuwa almasi. Mji wa Kolmanskop ukainuka mchangani, ukawa na hospitali, ukumbi wa dansi na kiwanda cha barafu, kisha almasi kubwa zaidi zikapatikana kusini, watu wakahama. Mwaka 1956 watu wa mwisho waliondoka na jangwa likaanza kuingia kupitia milango iliyoachwa wazi.

Tuliingia asubuhi na mapema kwa kibali cha wapiga picha. Nilikuwa nimeshaona picha nyingi za vyumba hivi, na bado sikuwa tayari kwa ukimya wake. Katika chumba kimoja mchanga umepanda hadi kwenye kitasa cha mlango. Umelala kwa mikunjo midogo midogo, sawasawa, kama shuka lililotandikwa na mtu mwenye mikono mitulivu. Karatasi za ukutani zimebanduka pembeni, rangi ya kijani hafifu, na chini yake rangi nyingine, na chini yake nyingine tena. Jua lilipenya dirishani likachora pembe nne juu ya mchanga. Nilikaa humo saa nzima nikiifuata ile pembe nne ikisogea.

Tatizo la vyumba hivi ni pengo la mwanga. Dirisha linawaka, kona iko gizani, na sensa, ile sehemu ya kamera inayopokea mwanga, haiwezi kushika vyote viwili kwa pigo moja. Njia inayofundishwa ni kupiga fremu tatu, moja ya giza, moja ya kati, moja ya nuru, kisha kuziunganisha kwenye kompyuta. Nilizipiga. Usiku nilipoziunganisha chumba kilionekana kila mahali sawa, hakina asubuhi wala jioni. Nimerudi kwenye fremu moja, ile iliyoacha dirisha liungue jeupe. Pale chumbani macho yangu pia yalikuwa yanaungua kwenye lile dirisha.

Kosa la leo nimelifanya mlangoni. Nilitaka lenzi ndefu haraka, upepo unavuma, nikaichomoa ile fupi palepale nje badala ya kurudi garini. Sekunde nne, pengine tano. Nilisikia mchanga ukikwaruza kwenye pete ya lenzi nilipoizungusha. Jioni nilipiga mbingu tupu kwa tundu dogo la lenzi, f/16, ambalo ndilo linaloonyesha uchafu wa sensa waziwazi, nikahesabu madoa kumi na manne. Nimepuliza kwa pampu ya mpira, yametoka matano. Tisa ninasafiri nayo.

Siku ya tatu: njiani

Siku nzima ni changarawe, kaskazini kuelekea Sesriem. Choroa mmoja amesimama peke yake kwenye kivuli cha mti mmoja. Nilipiga fremu mbili nikiwa dirishani, zote zimetikisika kwa sababu mdogo wangu hakuwa amezima injini na mimi sikumwomba azime. Ni siku ya kutazama tu, na nimeitumia hivyo.

Siku ya nne: Sesriem na Tuta la 45

Jina Sesriem ni la Kiafrikana, maana yake kamba sita za ngozi. Wasafiri wa zamani waliziunga sita ili ndoo ifike majini kwenye korongo lililochimbwa na mto Tsauchab. Mto huo kwa kawaida ni mkavu. Maji yakija kweli hupita kati ya matuta hadi bonde la Sossusvlei na kuishia hapo, maana matuta yameufungia njia ya baharini.

Tumepiga kambi ndani ya hifadhi na si nje, kwa sababu ya dakika. Lango la nje hufunguliwa jua linapochomoza. Aliyelala ndani huruhusiwa kuondoka saa moja kabla. Kutoka hapa hadi mwisho wa lami ni kilomita 60, kisha kilomita 5 za mchanga mzito, kisha kama kilomita moja ya kutembea hadi Deadvlei. Ukipiga hesabu utaona hata hiyo saa moja ni finyu.

Jioni ya leo tuliitumia kwenye Tuta la 45, linaloitwa hivyo kwa kuwa liko kilomita 45 kutoka Sesriem. Mchanga huu ulitoka mbali: mto Orange uliubeba hadi baharini, mawimbi na mkondo wa Benguela vikausukuma kaskazini kando ya pwani, upepo ukauleta bara. Kadiri ulivyokaa bara ndivyo chuma kilichomo kilivyoshika kutu, ndiyo maana huku ni mwekundu kuliko ule wa pwani.

Jua likiwa juu, tuta ni rundo la mchanga na halina cha kusema. Likishuka, mgongo wake unagawanyika: upande mmoja moto, upande mwingine giza, na mstari kati yao umepinda kama upanga. Nilipiga mstari huo tu, bila kilele, bila mbingu. Juu ya mgongo kulikuwa na nyayo za watu wa mchana kutwa. Ningeweza kuzifuta kwenye programu kwa dakika tatu, na wengi hufanya hivyo. Mimi naziacha. Madoa ya sensa nitayafuta kwa sababu yametoka kwenye kamera yangu, hayakuwepo mahali pale. Nyayo zilikuwepo.

Siku ya tano: Deadvlei, asubuhi ya kwanza

Tulikuwa watu wa pili langoni. Tulifika mwisho wa mchanga vilele vya matuta vimeshashika mwanga, nikatembea haraka kiasi kwamba mdogo wangu alibaki nyuma. Kisha nikaivuka kingo ya mwisho na Deadvlei ikawa chini yangu.

Ni bonde dogo. Sikutegemea hivyo. Sakafu nyeupe, imezungukwa na matuta pande zote, mojawapo lina mita zaidi ya 300. Migunga ilimea hapa wakati mafuriko ya Tsauchab yalipokuwa yakifika. Mchanga ulipouziba mto, ikafa kwa kiu, na imesimama ikiwa mifu kwa miaka ipatayo 600 hadi 700. Haiozi kwa sababu hakuna unyevu wa kuiozesha. Jua limeibabua hadi imekuwa kama makaa.

Kila nilichofanya asubuhi hii nilikifanya kwa pupa. Nilifunga lenzi pana ili bonde lote liingie, na mbingu ikaingia nayo. Nilikimbia mti hadi mti. Nilikuwa na picha ya Lanting kichwani na nilikuwa naitafuta kama mtu anayetafuta nyumba namba fulani mtaani, nikiamini nikipata mahali aliposimama yeye basi kazi imekwisha. Mwanga ulishuka kwenye tuta la magharibi, ukafika miguuni pake, ukaanza kutambaa sakafuni kutujia. Mstari wa kivuli ulirudi nyuma kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole. Ulipoipita miti, rangi zote zilikauka na bonde likawa bonde la mchana.

Kwenye kioo cha kamera ardhi ilikuwa ya kijivu. Hata moja haikuwa ya buluu.

"Kaka," mdogo wangu akasema, "mbona pale mwanzo ilikuwa ya buluu kabisa? Mimi niliiona."

Mimi sikuiona. Nilikuwa ninaangalia kioo.

Mchana nimekaa kambini na daftari, nikaelewa. Kivulini jua halifiki, lakini si giza: panaangazwa na mbingu, na mbingu ya jangwani asubuhi ni ya buluu isiyo na hata wingu. Udongo mweupe hauna rangi yake, unarudisha ile unayopewa. Unapewa buluu, unarudisha buluu. Wakati huohuo tuta la nyuma linapigwa na jua la chini, lenye wekundu, juu ya mchanga ambao tayari ni mwekundu. Hizo ni taa mbili za rangi mbili ndani ya fremu moja, na hakuna aliyepaka chochote. Kamera yangu ilikuwa imeachiwa ijipangie yenyewe mizani ya weupe, na kazi ya mpangilio huo ni kuiondoa buluu kama hiyo ili nyeupe iwe nyeupe. Ilifanya kazi yake vizuri. Faili ghafi, zile ambazo kamera haijazichakata, ningeweza kuzirekebisha baadaye, ni kweli, lakini kioo kilikuwa kimeshanidanganya nikiwa palepale, na nilichagua fremu kwa kukiamini.

Usiku, mwezi umechelewa kuchomoza kwa saa kadhaa kwa kuwa umeshapita mpevu siku nne, na giza lililobaki kabla yake ni la kushika kwa mkono. Jirani ya hapa, NamibRand, ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya kimataifa ya anga la giza. Nilipiga Njia Nyeupe kwa lenzi ya milimita 20: tundu f/2.8, usikivu wa sensa ISO 3200, sekunde 20. Gawanya 500 kwa milimita za lenzi upate sekunde ambazo nyota zitabaki nukta kabla mzunguko wa dunia haujazivuta ziwe mistari. Yangu ilinipa 25, nikapunguza tano kwa usalama. Picha ni safi. Niliifurahia, lakini akili yangu ilikuwa bondeni.

Siku ya sita: Deadvlei, asubuhi ya pili

Lenzi moja tu begani, ya milimita 70 hadi 200, na nimeifunga garini, milango ikiwa imefungwa. Mizani ya weupe nimeiweka kwenye mwanga wa jua, kelvini 5500 kwa kipimo cha rangi ya mwanga, isiguswe. Tundu f/11.

Safari hii sikuingia kati ya miti. Nilisimama ukingoni mwa bonde, nikaifungia miti minne ndani ya fremu, nikaikata mbingu yote. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini macho hudanganyika. Bila mbingu hakuna kinachokuambia tuta liko mbali au karibu, kubwa au dogo. Lenzi ndefu inalivuta hadi linaning'inia nyuma ya miti kama pazia. Jua likawaka juu ya pazia, likashuka, na nikaondoa jicho kwenye kamera.

Ilikuwa ya buluu. Buluu ya maziwa, hafifu, inayotulia zaidi kadiri unavyoitazama. Mwezi uliomegeka ulikuwa bado juu ya vichwa vyetu. Nilikuwa na dakika chache, na nilizitumia nyingine bila kufyatua.

"Kaka, sogea kushoto kidogo," mdogo wangu akasema kwa sauti ya chini. "Ule mti mdogo umegusana na mkubwa."

Alikuwa sahihi. Nilisogea hatua moja na nusu, tawi likaachana na tawi, uwazi mwembamba wa rangi ya chungwa ukapita kati yao. Nilipiga fremu sita. Grafu ya mwanga ilionyesha vilima viwili vilivyotengana, kimoja cha kivuli, kimoja cha tuta, na bonde tupu kati yake. Sijawahi kuona grafu inayofanana hivyo na mahali penyewe.

Nimesikia wapiga picha wakisema kwa dharau kwamba picha kama hii imeshapigwa na wengine elfu moja, basi ya nini tena. Sikubaliani nao. Fundi seremala anayejifunza hutengeneza kiti ambacho kimeshatengenezwa, na hakuna anayemwita mwizi, mradi asidai amekibuni. Asubuhi ya jana niliiga mahali nikatoka mtupu. Leo nimefuata mwanga, na nimeelewa buluu inatoka wapi. Hiyo picha ya miti minne sitamwonyesha mtu kama yangu bila kutaja niliyemfuata.

Halafu likatokea jambo ambalo sikulipanga. Mwanga ulipokuwa umebakiza kama hatua kumi kufika miguuni pangu nilitazama chini. Udongo umepasuka vipande vya ukubwa wa kiganja, kila kipande kingo zake zimekunjamana juu kama sahani. Kwenye nyufa mchanga mwekundu umejaa, laini kama unga. Kimoja kilikuwa kimepitiwa na mdudu: vishimo vidogo safu mbili, vinapanda ukingo, vinavuka sahani, vinashuka upande wa pili. Sahani ilikuwa bado ya buluu na ufa wake umeshaanza kuwa wa dhahabu. Nilipiga magoti, nikashusha stendi hadi chini, nikapiga moja. Mwanga ukaingia kwenye sahani na buluu ikafutika mbele ya macho yangu, kuanzia ukingo mmoja hadi mwingine, kama mtu anayefunua kitambaa.

Siku ya saba: Solitaire, Kaprikoni, Kuiseb

Magari ya kale yenye kutu pale Solitaire, kila mtu huyapiga, nami niliyapiga. Kibao cha Tropiki ya Kaprikoni kando ya barabara, kimejaa stika. Mteremko wa Kuiseb ulistahili jioni, tukaupita saa sita mchana wakati miamba haina vivuli. Nimeandika daftarini upande ambao jua la jioni litatokea, kwa safari nyingine.

Usiku nimefuta madoa tisa kwenye fremu za Deadvlei, moja moja, kwa ukubwa wa asilimia mia. Miti minne imechukua nusu saa. Ile ya sahani haikuwa na doa hata moja la kufuta, kwa kuwa haina mbingu wala eneo tupu.

Siku ya nane: Walvis Bay

Tuliamka hakuna kitu. Mkondo wa Benguela ni wa baridi, na hewa yenye unyevu inapopita juu yake hugeuka ukungu. Leo ukungu umeingia hadi dirishani. Tulikwenda kwenye wangwa wa flamingo tukiwa tunawasikia bila kuwaona: mguno wa chini chini, wengi kwa pamoja, na mchapo wa maji.

Kipima mwanga cha kamera hudhani dunia nzima ni ya kijivu, hivyo ukungu ukiuacha hivyo utatoka mchafu kama maji ya kufulia. Niliongeza mwanga wa picha kwa hatua moja na theluthi. Nilisubiri. Mahali hapa sikuwa na picha ya mtu yeyote kichwani, na nilishangaa jinsi mikono yangu ilivyokuwa haina haraka.

Baada ya muda mrefu ukungu ukapungua kwa upana wa kama mita 40. Flamingo watatu, vichwa vyao majini, miguu yao ikiendelea chini kwenye vivuli vyao pasipo kuonekana maji yanaanzia wapi. Rangi yao ya waridi ilikuwa hafifu kiasi kwamba nilitazama mara mbili.

"Unawaona?" nilimwuliza mdogo wangu.

"Nawaona. Subiri yule wa kulia ainue kichwa."

Tulisubiri wote wawili. Aliinua, nikafyatua, ukungu ukafunga tena, na tukabaki tunasikiliza ule mguno hadi jua lilipoanza kupasha.